Mvua ya Julai Mimi Siishukuru

Nitasema neno ambalo ukilisema huku kwetu watu wanakuangalia kama umetukana mzazi wa mtu: hii mvua inayonyesha saa hizi, mwisho wa Julai, siitaki. Siishukuru, siiombei iendelee, na sitaweka wimbo wa mapenzi juu ya video ya matone dirishani halafu niandike "hali ya hewa tamu". Tamu kwa nani? Hii ni mvua iliyokosa adabu. Ilishaagwa, ikarudi bila kubisha hodi.

Na kabla hujaniandikia "dogo acha kukufuru, mvua ni baraka," ngoja nikumalizie hiyo sentensi. Mvua ni baraka ikija kwa wakati wake. Wazee walikuwa nayo hiyo nusu ya pili. Sisi tumeikata, tumebaki na nusu ya kwanza, na tunaitumia kwa kazi moja tu: kumnyamazisha mtu ambaye kitu chake kimeharibika.

Mimi nimechoka kunyamazishwa. Leo niacheni niongee.

Tuanze na majina. Huku mwambao hatujawahi kuwa na kitu kimoja kinachoitwa mvua. Kuna masika, zile mvua kubwa zinazoanza mwisho wa Machi au Aprili na kukolea Mei, mwezi ambao Malindi inapata maji kuliko mwezi mwingine wowote. Kuna mchoo, mvua ndogo ndogo za wakati wa kusi, Julai na Agosti, zinakulowesha mabega halafu zinapita. Kuna vuli, Oktoba mpaka Disemba. Halafu inavuma kaskazi, Januari na Februari, jua kali, vumbi, na mtu anaanika chochote anachotaka. Hawe wangu, mama yake baba, hata hasemi masika. Yeye anasema mwaka. "Mwaka umeingia." Yaani kwake yeye hesabu ya maisha inaanza pale mvua ya kupanda inapoanguka.

Na Waswahili wa zamani wa mwambao huu walikuwa na hesabu kali zaidi. Walikuwa na mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, wakaugawa siku kumi kumi, kila kumi wakaiita mwongo. Mkulima na nahodha wote walihesabu miongo: huu wa kupanda, huu wa kufunga safari, huu wa kuvuta chombo pwani. Sasa niambie, watu waliougawa mwaka vipande vya siku kumi ndo unawasingizia kwamba kwao mvua yoyote, siku yoyote, ilikuwa baraka? Hata wazee wa kaya. Kaya Fungo mvua inaombwa, na mimi siwacheki hata kidogo. Lakini inaombwa wakati shamba linaingoja. Sijawahi kusikia mzee aliyechinja mbuzi ili mvua iangukie mahindi yaliyokwisha kukauka.

Kwa nyinyi ambao mahindi mnayajua yakiwa ya kuchoma pale sehemu za kupumzikia, nieleze kidogo. Mahindi ya mwaka unapanda Machi au Aprili. Mwisho wa Julai kuingia Agosti yamekauka yakiwa bado kwenye bua, ganda limekuwa jeupe, kilichobaki ni kuvunja, kuanika na kupukuchua. Hapo unahitaji kitu kimoja tu kutoka juu, nacho ni jua. Na ndo wiki hizo hizo mvua inarudi kama mgeni aliyesahau simu. Na siongelei mchoo. Naongelea mvua ya kweli, siku tatu, siku nne, usiku na mchana. Hindi lililoko kwenye bua linaingia maji, punje zinaota zikiwa humo humo kwenye gunzi. Lililovunjwa limelala juu ya turubai halikauki. Siku ya tano ukilishika linateleza, ukilipasua lina ukungu.

Na ule ukungu usidhani ni uchafu wa kupangusa na leso. Unatengeneza sumu, ile inayoitwa sumukuvu, huioni, huinusi, na ukisonga sima haitoki. Ndo maana wataalamu wanasema mahindi yasiwekwe ghalani kama unyevu umezidi asilimia 13.5. Mwaka 2004, mashariki mwa nchi yetu hii, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Mvua ilikuwa imewakuta kwenye mavuno, nje ya msimu wake, mahindi yakahifadhiwa na unyevu wake. Nenda kawaambie watu wa pale kwamba mvua ni baraka, nukta.

Haya, toka shambani twende kwenye chumvi. Baba yangu ni kibarua wa chumvi. Ukivuka daraja la Sabaki ukaelekea kaskazini, kuanzia Ngomeni na Gongoni mpaka Marereni, unapita mabwawa ya chumvi mpaka macho yanauma kwa weupe. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye bwawa, jua na upepo vinakausha maji, chumvi inabaki chini, watu wanaikwangua na kuibeba. Mvua ikinyesha, maji matamu yanaikalia ile chumvi, na kitu ulichokingoja wiki nyingi kinayeyuka ukikiangalia. Kibarua analipwa kwa siku aliyofanya kazi. Mvua ikinyesha hakuna kazi, na hakuna kazi hakuna pesa. Masika ya Aprili na Mei hilo linajulikana, watu wanajipanga, mama anaweka akiba ya unga, duka linakubali deni. Mvua ya Julai inakukuta akiba imeisha na deni la Mei bado hujalilipa.

Ongeza miembe. Maua ya mwembe huku kwetu yanatoka kwenye miezi hii hii ya kusi. Mvua nyingi ikiyapata, maua yanashika ukungu, yanakuwa meusi, yanapukutika. Halafu Disemba unalalamika mbona boribo zimekuwa ghali. Ongeza bahari. Mto Sabaki ni Athi ule ule unaotokea huko Nairobi, unapita Ukambani ukibeba udongo wa watu, unakuja kuumwaga kwetu. Juu kukinyesha sana, ghuba ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mwenye boti ya kupeleka wageni kule kwenye mbuga ya bahari, iliyopo tangu 1968, atamwonyesha mgeni nini? Matope?

Sasa nije kwangu, maana kuna watu wanapenda kuniuliza kwenye kila posti: "Wewe uliacha chuo kwa nini?" Kwenye karatasi imeandikwa karo. Kwetu nyumbani tunajua niliachishwa na wiki mbili za mvua.

Nilikuwa naingia mwaka wa pili. Mpango ulikuwa wazi: mahindi ya hawe yangetoka magunia 11, tungebakisha ya kula, mengine yangeuzwa Agosti. Mshahara wa chumvi wa baba wa Julai na Agosti ungejazia. Ikaja mvua. Magunia yakaokoka 4. Bwawa la chumvi likawa bwawa la vyura. Chuo, ambacho sikitaji jina, kikasema bila kumaliza karo hakuna mtihani, na hakuna sanduku kwenye fomu yao pa kuandika "kulinyesha". Darasani nilikuwa vizuri, wala sikufukuzwa. Nilihesabu pesa, hazikutosha, nikafunga begi. Siku nilipofika nyumbani, mzee mmoja wa mtaa, mtu mzuri tu, akaniamkua, akatazama juu, akasema, "Lakini mvua si mumepata, mshukuruni Mungu." Nikamwitikia kwa heshima, maana ni mkubwa. Moyoni nikasema, siku moja nitaandika juu ya hili.

Ndo leo.

Wala msiseme kwamba nachukia mvua. Mvua ya Mei mimi nitaipenda mpaka kufa. Nilipokuwa mdogo masika ilikuwa sikukuu ya pili kwetu. Hoteli nyingi za Malindi na Watamu zinafunga baada ya Pasaka zikangojea Julai, kwa hiyo baba mdogo, aliyekuwa mpishi hotelini, alikuwa anarudi nyumbani. Miezi miwili tunapikiwa na mpishi wa Waitaliano! Anatusongea sima, anatuchemshia mtsunga, mboga chungu kuliko maisha, halafu anaipanga kwenye sahani kama maua. Kumbikumbi wakitoka jioni tunaweka taa juu ya beseni la maji, asubuhi tunawakaanga. Hawe anatangulia na jembe anachimba vishimo, sisi watoto nyuma tunatumbukiza punje tatu tatu na kufukia kwa mguu. Usiku bati linalia mpaka husikii mwenzako anasema nini, mama anapiga kelele tulete ndoo pale linapovuja, na sisi tunacheka tu.

Hiyo ilikuwa mvua yenye adabu zake. Ilikuja, ikafanya kazi yake, ikaenda. Hata ikizidi siku mbili tatu, tulijua mwisho wake uko wapi.

Na zile zilizokosa mwisho, tunazo pia kwenye hadithi za ukoo. Hawe alikuwa msichana mdogo vuli ya 1961, ile iliyofurika karibu Afrika Mashariki nzima. Lakini hadithi kubwa ya nyumbani kwetu ni 1997. Mvua ilianza Oktoba kama vuli nyingine. Disemba ikafika, haikukatika. Januari 1998, mwezi wa kaskazi, mwezi wa vumbi, bado inanyesha. Februari, bado. Hawe anasema mvua ilisahau njia ya kwao. Nchi nzima madaraja yalisombwa, barabara zikakatika, kipindupindu na malaria vikapanda, na huko Garissa homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Jina la El Niño likaingia kwenye vinywa vya watu na halijatoka mpaka leo. Kwetu kitu chochote kikizidi kipimo, hata mtu akijaza sahani ya pilau kwenye harusi, ni Elinino.

Tukikutana, harusini au matangani, hizi hadithi lazima zitoke. Jogoo aliyepandishwa juu ya uchaga akawa anawika saa saba za usiku kwa kuchanganyikiwa. Choo cha shimo cha jirani kilichotitia mchana kweupe, mwenyewe akiwa ametoka dakika hiyo hiyo. Shangazi aliyeshikwa na uchungu Januari ile, akabebwa juu ya kitanda cha kamba kuvushwa maji, na mtoto aliyezaliwa mpaka leo tunamwita Elinino. Ni jitu zima sasa, ana bodaboda mbili. Watu wanacheka mpaka machozi.

Mwaka jana, Agosti, nilikuwa nimekaa na hawe tunachambua mahindi, mabovu huku, mazima huku. Nikamwomba anisimulie tena ya Elinino nimrekodi. Akasimulia jogoo. Akasimulia choo. Akasimulia kitanda. Halafu, bila kubadilisha sauti, mikono ikiendelea na kazi, akasema, "Na ndo mwezi ule tulimzika kitindamimba wangu."

Mimi sikujua hata kama hawe alikuwa na mtoto mwingine. Alikuwa msichana wa miaka minne. Homa ya siku tatu. Siku ya pili walimbeba kumpeleka hospitali Malindi, wakafika kwenye maji, gari hakuna, wa kuwavusha hakuna, wakarudi. Ilikuwa Februari, mwezi ambao miaka mingine yote hiyo njia inapitika hata kwa baiskeli yenye magunia mawili. Nikazima simu. Ile rekodi sijaiweka popote na sitaiweka.

Lakini toka siku hiyo, nikisikia watu wanacheka hadithi za mvua, najiuliza ni nani hayumo kwenye hadithi. Zinachekesha kwa sababu zinasimuliwa na waliobaki.

Sasa nijibu hoja, maana najua zinakuja.

Hoja ya kwanza: "Umesahau ukame? Ganze watu walikufa njaa ukiwa wapi?" Sijasahau. Toka vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022, misimu mitano ilipita mfululizo mvua ikikosa, Kilifi tukiwa ndani. Ng'ombe walikuwa mifupa inayotembea. Na ndo kwa sababu hiyo nasema: mtu aliyepitia hayo anajua tofauti ya maji na maji yenye faida. Mvua iliyokosa Aprili hailipwi na mvua ya Julai. Mbegu haikuota Aprili, sasa hii ya Julai inamwagilia nini? Ukichelewa kuniletea chakula siku tatu, halafu ukaniletea kimechacha, usinidai asante.

Hoja ya pili: "Hiyo ni kazi ya Mungu, binadamu utafanya nini?" Hii ndo hoja ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inavaa kanzu ya dini kumbe ndani yake kuna uvivu. Mvua ni ya Mungu, sawa. Mtaro ni wa nani? Daraja ni la nani? Novemba 2023, barabara kuu ya Mombasa kuja Malindi ilikatika pale Mbogolo, na barabara ndo hiyo hiyo moja tunayoitegemea. Aprili na Mei 2024 mafuriko nchi nzima yalifanya shule zichelewe kufunguliwa mpaka tarehe 13 Mei. Hizo zilikuwa mvua za msimu wake, na bado tukazama. Sasa ikija ya nje ya msimu, wakati hata yule mtu mmoja wa kuzibua mtaro amesharudi ofisini, itakuwaje? Ukisema "kazi ya Mungu" kuna mkubwa fulani mahali fulani anapumua, anasema, alhamdulillahi, hawajaniuliza mimi.

Hoja ya tatu ni ya wasomi: "Ni mabadiliko ya tabianchi, bro, ni suala la dunia." Najua. Kutoka chuo hakukunitoa kwenye kusoma. Najua Bahari Hindi ina mizani yake: upande wetu wa magharibi maji yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu yanakuja kwetu na vuli inakuwa kubwa. Ilitokea 1997, ikatokea 2019, ikatokea 2023. Vuli ya 2019 iliendelea mpaka Januari 2020, na kijani kile cha nje ya msimu kikawa karamu ya nzige. Najua msimu wa vimbunga vya bahari yetu kwa kawaida unakuwa umeisha ikifika Mei, na bado kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, na sisi huku tukaonywa tukae mbali na bahari. Vitu vinachelewa, vinapitiliza, vinavuka mipaka. Sawa kabisa. Lakini mbona neno "tabianchi" linatajwa sana kwenye makongamano ya hotelini, watu wakipewa kalamu na chupa ya maji, halafu wakitoka pale turubai la hawe ni lile lile lenye matundu?

Angalieni wenzetu. Waitaliano wanaojaa Malindi na Watamu kila Disemba wanakimbia nini? Wanakimbia baridi na theluji. Ukikaa nao mezani, theluji ya Disemba wanaisifu mpaka macho yanang'aa: watoto, milima, krismasi, nyumbani kwa nyanya. Mwulize mmoja wao kuhusu theluji ya Aprili uone uso utakavyobadilika. Kwa sababu Aprili mizabibu imeshachipua, miti ya matunda ina maua, na usiku mmoja wa barafu unamaliza mwaka mzima. Aprili 2021 baridi ya namna hiyo iliunguza mashamba ya Ufaransa, mizabibu na matunda. Hakuna aliyewaambia wakulima baridi ni baraka. Serikali yao ilitangaza kwamba ni janga la kilimo, na waziri mkuu akatoa ahadi ya yuro bilioni 1 kuwasaidia. Mkulima wa zabibu akilalamika hali ya hewa iliyopitiliza msimu, anasikilizwa. Hawe wangu akilalamika, anaambiwa anakufuru.

Na sasa nyinyi wenzangu wa kazi hii, wapiga video. Najua inavyolipa. Klipu ya mvua, kikombe cha chai, mahamri mawili na blanketi, inapita klipu yangu ya bei ya mahindi mara kumi, na haihitaji hata kufikiri. Sikatai mtu kunywa chai. Lakini jiulize umesimama wapi ukirekodi. Umesimama chini ya slebu, au chini ya makuti yaliyochoka? Muyeye hapa ninapokaa, mvua ikipita saa tatu mfululizo kuna watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Mama wa viazi karai halipuki jiko. Wa boda amejibanza chini ya mwavuli wa duka, na mkopo wa pikipiki unataka pesa ya leo, si ya kesho. Ukimwekea huyo video yako ya "hali ya hewa tamu" unamwambia tu kwamba humuoni.

Halafu mnatumia neno moja kwa kila kitu: "mvua". Tumeacha kusema masika, mchoo, vuli. Hata mimi mchoo nilifundishwa na hawe, hakuna mwalimu aliyenitajia. Unadhani ni jambo dogo? Ukipoteza jina la mvua ya Julai, unapoteza na uwezo wa kusema kwamba hii iliyokuja siyo yenyewe. Mtu mwenye neno mchoo akiona mafuriko Julai anashtuka, anauliza. Mtu mwenye neno mvua tu anaona kumenyesha, basi, anatafuta blanketi.

Nataka nini? Si mengi, na hakuna hata moja ninalomwomba Mungu, maana Yeye kazi yake ameshafanya.

Mitaro izibuliwe Februari, kaskazi ikivuma, isingoje picha za mafuriko zizunguke kwanza. Na ikaguliwe tena Juni, kwa sababu tumeona mvua haisomi kalenda ya ofisi.

Mashine za kukaushia mahindi, zile zinazovutwa kwa gari kutoka kijiji hadi kijiji, zipo duniani na zipo nchini. Huku nyuma ya Gongoni mimi nimeziona kwenye taarifa ya habari tu. Na kama mashine ni ghali, anzeni na turubai zima na kile kipimo kidogo cha unyevu, kimoja kwa kila kijiji, mtu apime kabla ya kuwapikia watoto.

Vibarua wanaolipwa kwa siku, wa chumvi na wa kazi nyingine zinazokufa mvua ikinyesha, wawekewe siku kadhaa za mvua zinazolipwa. Chumvi haitengenezwi na jua peke yake, na hao watu mkiwahitaji Septemba mtawataka wakiwa hai na wenye nguvu.

Na vyuo, jamani. Muwe na njia ya mtoto wa mkulima na kibarua kusogeza karo mpaka vuli bila kufungiwa mtihani. Mnajua anatoka wapi, mliandika wilaya yake kwenye fomu siku ya kwanza.

Na sisi vijana, tuache kuwa wepesi wa kutoa shukrani kwa niaba ya watu wengine. Kama shamba si lako, kama bwawa si lako, kama njia iliyokatika huipiti, huna haki ya kuniambia mimi nishukuru. Shukuru wewe, kimya kimya, na chai yako.

Mwakani, Mungu akituweka, mwaka ukiingia na tone la kwanza likaanguka kwenye lile vumbi na harufu ile ikapanda, mtaniona mimi wa kwanza nje, miguu chini, nikicheza. Nitaposti pia, msijali. Hii ya Julai hapana.

Ukimaliza kusoma, fanya jambo moja. Mpigie hawe wako, au bibi, au nyanya, jina lolote mnalomwita kwenu. Usimuulize kama huko kunanyesha, anaisikia juu ya bati. Muulize mahindi ameyaweka wapi, na yameshakauka au bado.